Mdogo wangu anakimbiza Subaru usiku: nimnyang'anye ufunguo?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada mkubwa kwenye familia yetu, naishi Kisasa hapa Dodoma pamoja na mama. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 21, yuko chuo mwaka wa pili, leseni alipata mwaka jana. Mjomba wetu wa Dar es Salaam amempa Subaru Impreza WRX STI aliyoiagiza Japani, zawadi ya kufaulu. Tangu alipate gari hilo, Ijumaa na Jumamosi usiku hakai nyumbani. Yeye na wenzake wanaweka ligi kwenye barabara ya mzunguko wa nje, siku nyingine njia ya Bahi. Alinionyesha video mwenyewe, mshale uko 170. Nikimsema ananijibu: "Dada, hili gari limetengenezwa kwa mwendo huu, linashika barabara. Usiku hakuna watu, lami ni mpya, na mimi naliweza." Hata faini anasema ni elfu thelathini tu. Sasa fundi wake anataka kumfungulia ile 180, kizuizi cha kiwandani kinachofanya gari lisivuke mwendo huo. Je, nimnyang'anye ufunguo? Kuna kozi ya kumpeleka, au kifaa cha kulizuia gari? Na mama ana presha, nimwambie au ninyamaze?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na ulilouliza kwanza: ndiyo, ufunguo wa hiyo Subaru utoke mikononi mwake wiki hii, na utoke kwa muda unaojulikana. Namna ya kufanya hivyo bila kuvunja undugu nitakueleza. Lakini ukimnyang'anya ufunguo na hoja zake ukaziacha zimesimama, Ijumaa ijayo atakaa kwenye gari la rafiki yake na utakuwa hujaokoa kitu. Kwa hiyo tuzichukue hoja zenyewe.

Ile ya kwamba gari limetengenezwa kwa mwendo huo ni ya kweli, na ndiyo inayonitisha kuliko nyingine zote. Impreza ni gari lililolelewa kwenye mbio. Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995 akiwa ndani ya Impreza, Richard Burns akautwaa 2001, Petter Solberg 2003. STI nyingi za Japani zimetoka kiwandani na nguvu za farasi 280, na gari zima lina uzito wa tani moja na nusu au pungufu kidogo. Toyota IST ya lita 1.3, hizi zilizojaa mjini kwetu, ina nguvu za farasi kama 87 kwa tani moja. Leseni yake ya daraja D inamruhusu kuendesha yote mawili bila tofauti, na alifanyia mazoezi na mtihani kwenye gari dogo, mjini, kwa mwendo wa pole. Hakuna aliyewahi kukaa pembeni yake akamfundisha 140.

Gari dogo ukilifikisha 120 linakusemesha. Injini inalia, usukani unatetemeka, upepo unapiga kelele milangoni, na mwili wako wenyewe unakuambia punguza. STI kwenye 120 imetulia. Kwenye 150 bado imetulia. Kijana anauhesabu utulivu ule kuwa ni uwezo wake, wakati kazi yote inafanywa na matairi, springi na uzito uliopangwa vizuri na wahandisi. Anapita kona moja salama, anaongeza kidogo, anapita tena. Kila mara anapata ushahidi kwamba analiweza gari. Kumbe anachokipima ni akiba ya gari, na akiba hiyo haina taa ya kumwonyesha imebaki kiasi gani. Ikiisha, linaachia ghafla, na linaachia kwenye mwendo ambao hata mkono wa bingwa unaweza usiwahi kurekebisha.

Jambo jingine ambalo wenye Subaru wengi hawalijui: magurudumu manne kuvuta yanasaidia kuondoka na kutoka kwenye kona. Kusimama hayasaidii. Gari lolote lina breki kwenye magurudumu manne. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya Desemba, lami ikiwa na vumbi na mafuta ya miezi saba ya kiangazi, Subaru itaondoka vizuri kuliko Mark X ya pembeni yake, itamfanya aamini barabara inashika, kisha atakapokanyaga breki atagundua inateleza kama ya wenzake.

Na akikutajia McRae, mwambie yule alikuwa anashindana kwenye njia iliyofungwa. Pembeni yake alikaa mtu anayemsomea kila kona kabla haijafika. Wote wawili walivaa kofia ngumu na mikanda ya mbio, na ndani ya gari kulikuwa na kizimba cha vyuma. Pembeni ya mdogo wako anakaa rafiki anayerekodi video.

Sasa hesabu. Yeye ni mwanachuo, ataweza kuzihakiki mwenyewe, na ningependa azihakiki. Mtu mzima mwenye akili timamu, akiona hatari ya ghafla, anachukua kama sekunde moja na nusu mpaka mguu wake uanze kubana breki. Gari zuri, tairi nzuri, lami kavu, linapunguza mwendo kwa kama mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Kwenye kilomita 50 kwa saa atasimama ndani ya mita 35 hivi. Kwenye 80, mita 69. Kwenye 140, mita 166, na katika hizo, mita 58 za kwanza zinapita kabla breki haijaguswa kabisa.

Rudi kwenye zile mita 58. Taa za dimu zinakuonyesha mtu mwenye nguo nyeusi kwa umbali wa kama mita 50 au 60. Maana yake, kijana akiwa kwenye 140 na taa zimeshushwa kwa sababu kuna lori linakuja mbele, kitu kilichosimama barabarani kitatokea kwenye mwanga na kugongwa kabla mguu haujafika kwenye breki. Wepesi wa mikono hauingii hapa kwa sababu hakuna muda wa kuutumia. Hata akiwa na bahati akakiona mapema, tazama hivi: pale ambapo dereva wa 80 ameshasimama kabisa, yeye wa 140 bado anakwenda zaidi ya 130. Kugonga kitu kisichosogea ukiwa kwenye 50 ni sawa na kudondoka kutoka kimo cha mita 10. Kwenye 100 ni mita 39. Kwenye 140 ni mita 77. Mkanda na mifuko ya hewa havikutengenezwa kwa kimo hicho.

Anasema usiku hakuna watu. Mwanangu, wewe na mimi tunaishi Dodoma. Barabara ya mzunguko wa nje ina kilomita 112, na inapita Nala, Veyula, Ihumwa, Matumbulu. Kule watu walikuwepo kabla ya lami. Mashamba yako upande mmoja na nyumba upande wa pili. Mfugaji anachelewa kurudisha ng'ombe, punda anafunguliwa akatafute majani, na mnyama akishazoea lami iliyobaki na joto la mchana anaweza kulala juu yake. Ng'ombe akigongwa na gari lililo chini kama Impreza, miguu inakatwa na mwili wote unakuja kwenye kioo, usawa wa nyuso za waliokaa mbele. Ongeza bodaboda asiye na taa ya nyuma, na Fuso iliyoharibika ambayo alama yake ya tahadhari ni matawi ya mti. Njia ya Bahi ina hayo yote, tena ni njia moja kwenda na kurudi, na malori ya Singida na Mwanza hayalali.

Ningependa akae alifikirie hili la waenda kwa miguu, kwa sababu ndilo vijana wa magari hawaambiwi. Mama anayetaka kuvuka barabara anaona taa mbili kwa mbali, tuseme mita 300. Hana kifaa cha kupima mwendo. Anapima kwa mazoea ya miaka yake yote, na mazoea hayo yamejengwa na mabasi na malori yanayokwenda 80. Kwa mwendo huo gari litamfikia baada ya sekunde 13 na nusu. Kuvuka mita 10 za lami kwa hatua za kawaida kunamchukua kama sekunde 8. Anavuka, amefanya hesabu sahihi kabisa. Ila taa zile ni za mdogo wako, na anakuja kwa 160. Atafika baada ya sekunde 6 na robo tatu. Mama yule hakukosea chochote, hakuwa mzembe, na hakuwahi kuulizwa kama anakubali kushiriki hiyo ligi.

Hili linaniuma sana. Kijana mwenyewe angalau amechagua. Rafiki aliyekaa nyuma bila mkanda amechagua nusu. Huyu wa pembeni ya barabara hakuchagua kitu, na mara nyingi ndiye anayezikwa.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, kuliko ugonjwa wowote. Linasema pia kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa kama asilimia 4. Na mtembea kwa miguu anayegongwa na gari linalokwenda 65 ana hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi ya aliyegongwa na linalokwenda 50. Tofauti ya 15 tu, ambayo dereva ndani ya STI haisikii hata kidogo.

Kuhusu "mimi siyo kama hao": umri wa 21 una macho mazuri na mikono myepesi, sikatai. Kinachochelewa ni sehemu ya ubongo inayopima matokeo kabla ya kutenda. Hiyo inaendelea kukomaa hadi kwenye miaka ya ishirini na tano hivi. Dereva mpya pia huangalia karibu na pua ya gari, wakati aliyezoea anaangalia mbali, anaona mbuzi mmoja amevuka na anajua wengine wanafuata. Halafu kuna wenzake. Imeonekana nchi nyingi kwamba kijana akipakia vijana wenzake hatari ya ajali inaongezeka, na kila anapoongeza mmoja inaongezeka tena. Mdogo wako akiwa peke yake huenda ni dereva wa kawaida tu. Akiwa na watatu wanaomwambia kanyaga, ni mtu mwingine. Kwa hiyo usimhukumu kwa jinsi anavyokuendesha wewe kwenda sokoni Sabasaba.

Ile faini ya elfu thelathini ni ya kupigwa tochi. Kwenye makazi sheria ni 50, kibao kiwepo kisiwepo. Akimuua mtu kwa uendeshaji wa hatari, habari ya faini ya papo kwa papo inaisha na anakuwa mshtakiwa mahakamani. Bima nayo msiitegemee: ndogo hailipi gari lenu, na sera nyingi, hata bima kubwa, hazilipi ajali iliyotokea kwenye mashindano ya mwendo. Video alizozirekodi mwenyewe zitakuwa ushahidi wa kwanza.

Tuje kwenye ufunguo.

Usimvizie akiwa amelala ukauficha. Akiuona umefichwa atakuona adui, atatafuta wa akiba. Gari lilitoka kwa mjomba, kwa hiyo anza na mjomba. Mpigie simu mchana, mtumie ile video ya 170, usimlaumu kwa zawadi yake, kwa sababu aliitoa kwa upendo. Mwombe aseme mwenyewe maneno haya: gari ni lako, hakuna anayekunyang'anya, ila litakaa kwangu Dar es Salaam, au kwa mtu tutakayekubaliana, kwa mwaka mmoja. Neno la mjomba lina uzito ambao wewe dada huna, hata kama wewe ndiye unayempikia. Kama mnaweza, apewe gari dogo kwa mwaka huo. Vitz, Passo, IST, lolote lenye mikanda mizima na breki nzuri. Kijana anayejifunza barabara anahitaji gari linalolalamika mapema.

Hili silitungi. New Zealand tangu 1987 inampa dereva mpya leseni kwa hatua: kwenye hatua ya kati haruhusiwi kuendesha peke yake usiku kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri, na haruhusiwi kupakia wenzake bila dereva mzoefu pembeni. Australia, majimbo kama Victoria na New South Wales yanamkataza dereva mgeni kuendesha gari lenye zaidi ya kilowati 130 kwa kila tani. STI ya mdogo wako inavuka hapo. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini hakuna kinachozuia familia kuwa nayo. Muda wa mwaka ukiisha, Subaru irudi kwa masharti mawili: saa tatu usiku iwe nyumbani, na asipakie zaidi ya rafiki mmoja kwa miezi sita ya kwanza. Masharti mawili tu. Ukimwekea kumi hatatimiza hata moja.

Kifaa kipo. Trakari za satelaiti zinafungwa mjini hapa, na nyingi unaweza kuziwekea kikomo, gari likivuka unapata ujumbe kwenye simu. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inafuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo wa aina hiyo, kwa hiyo asione ni dharau. Dereva wa basi mwenye uzoefu mkubwa anafuatiliwa pia. Ila afungiwe akijua. Trakari ya siri ikigundulika inaua uaminifu, na uaminifu ndio pekee utakaobaki siku atakapohitimu na kuondoka hapo kwenu.

Kuhusu fundi na ile 180: mwambie hapana, bila mjadala. Magari ya soko la Japani huzuiwa kiwandani yasivuke 180. Na hata kuifikia 180 hiyo kunategemea matairi, ambayo nina wasiwasi nayo hata kabla ya kuyaona. Kila tairi lina herufi ya mwendo ubavuni: S ni mwisho 180, T 190, H 210, V 240, na hizo ni za tairi jipya lenye upepo sahihi. Gari lililoagizwa mara nyingi linakuja na matairi yaliyokwishazeeka, au linavalishwa ya mtumba baada ya kufika. Tazama ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2317, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Kwa joto letu na upepo pungufu, tairi la umri huo linapasuka hata likiwa na vishimo vizuri. Hii ikaguliwe leo, haijalishi nani ataendesha, hata kama ni kulipeleka kwa mjomba tu.

Kozi ya udereva wa kujihami ni nzuri, ila mpeleke baadaye, akishatulia. Kijana wa 21 akifundishwa kudhibiti gari linaloteleza, mara nyingi anatoka akijiamini zaidi ya alivyoingia, na kwa mdogo wako hilo ndilo tatizo lenyewe. Kama kweli anapenda mwendo, na mapenzi hayo si dhambi, mbio za magari nchini zinasimamiwa na AAT, chama cha magari Tanzania. Aende aone, aombe kujitolea kama msimamizi wa njia. Atakuta watu wanaopenda mwendo kuliko yeye na wanaokagua kofia, mikanda na kizimba kabla gari halijawashwa. Wengi wao barabarani wanaendesha taratibu.

Mama aambiwe. Najua presha inakupa woga, lakini simu ya saa nane usiku kutoka kwa trafiki wa Bahi ni mbaya kwa presha kuliko mazungumzo ya mchana. Mwambie mdogo wako kwanza kwamba utamwambia mama, na umpe nafasi ya kusema mwenyewe. Mkae Jumamosi asubuhi baada ya chai, mjomba awe kwenye simu, wenzake wasiwepo. Usianze na kelele za 170. Mpe kalamu na karatasi, mwache apige mwenyewe ile hesabu ya mama anayevuka, mita 300, kwa 80 na kwa 160. Mkifika kwenye muda wa kurudisha gari, mwandike tarehe, kila mmoja abaki na nakala, na tarehe hiyo ikifika ufunguo arudishiwe kama mlivyoahidi.